Mtu Mzima Akitaka Kusoma Uuguzi, Aingie kwa Mlango Upi?



Mwenzetu mmoja wa kiwanda hapa Bujumbura, mama wa miaka 39, alifika ofisini kwetu Jumamosi moja akiwa na bahasha mbili. Kazi yake ni kufungasha, kwa zamu, na huu ni mwaka wake wa 14. Katika kila bahasha mlikuwa na karatasi za shule ya uuguzi. Hakuja kuuliza kama asome au asisome. Hilo alikwisha kuliamua tangu alipomuuguza mama yake hospitalini, akawa anawasaidia wauguzi kugeuza wagonjwa wa vitanda vya jirani kwa sababu wao walikuwa wawili tu usiku kucha. Swali lake lilikuwa jingine: "Ndugu zangu, akiba yangu inatosha kulipa shule mara moja. Nikikosea, sina ya pili. Nichukue ipi?"

Hatukumjibu siku ile, na sababu yake tuitoe wazi. Miaka michache iliyopita mwenzetu mwingine alituuliza hayo hayo, nasi tukamwambia achague shule yenye ada ndogo na iliyo karibu na kwake Buyenzi. Alisoma mpaka mwisho, akapewa karatasi yenye muhuri mkubwa. Alipoipeleka kuomba kazi, akaambiwa shule ile haina ruhusa ya kutoa cheti cha ngazi hiyo. Leo amerudi kwenye mashine, na deni la ada bado analilipa. Waliomdanganya ni wale wenye shule. Waliomshauri bila kuuliza ni sisi. Kwa hiyo safari hii tulianza kwa kutembea na kuuliza.

Jambo la kwanza ni ngazi. Hapa kwetu aliyevaa koti jeupe huitwa muganga tu, na muuguzi wengine humwita muforoma, basi yamekwisha. Lakini serikali haiajiri koti, inaajiri ngazi. Tulirithi kwa Wabelgiji hesabu ya A3, A2 na A1. A3 ni ngazi ya chini, ya watu waliosoma muda mfupi. A2 ni muuguzi aliyemaliza shule ya sekondari ya uuguzi. A1 ni yule aliyesoma uuguzi baada ya kupata Diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari. Siku hizi vyuo vikuu vinatumia majina mapya ya bakalorea na masta, lakini ukienda hospitalini utasikia bado watu wanaulizana: wewe ni A ngapi? Vituo vingi vya afya vya vijijini vinabebwa na wauguzi wa A2 na A3, daktari hayuko. Mwenzetu anayechuma majani chai akiumwa, huyo ndiye atakayemwona.

Sasa tazameni jinsi ngazi inavyomchagulia mtu mzima shule kabla yeye hajachagua. Shule za sekondari za uuguzi, kama zile za Gitega na Ngozi, zimewekwa kwa vijana wanaotoka masomo ya msingi. Mama wa miaka 39 hatakwenda kulala bwenini Gitega, kilomita 100 kutoka kwa watoto wake, akae dawati moja na mtoto wa miaka 16. Na hata angekubali, sidhani kama wangempokea, tuseme kweli. Basi mlango wake ni ule wa A1, na ufunguo wake ni Diploma ya Serikali. Tulimwuliza: unayo? Akafungua mkoba akatoa karatasi iliyofunikwa nailoni, imekunjwa mara nne. Alimaliza sekondari kabla hajaolewa. Miaka yote ile kiwandani hakuna msimamizi aliyepata kumwuliza amesoma hadi wapi.

Wapo wengi wetu ambao karatasi hiyo hawana. Kwao tunasema: usilipe ada ya uuguzi popote. Maliza kwanza sekondari kwa masomo ya jioni, hata ikichukua miaka. Anayekuambia utakuwa muuguzi bila hiyo kwa miezi sita anauza kitu kingine. Mafunzo ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu ni mazuri sana, na tungependa kila karakana iwe na mtu aliyeyapata, lakini ni huduma ya kwanza, si uuguzi, na wao wenyewe hawasemi vinginevyo.

Kwa mwenye Diploma, mjini hapa kuna njia za namna mbili. Ipo Taasisi ya Taifa ya Afya ya Jamii, ile inayoitwa INSP, ambayo ni ya serikali. Na kuna vyuo vya binafsi na vya makanisa, kama Hope Africa University, kilichoanzia Nairobi kisha kikahamia Bujumbura, ambacho hufundisha wauguzi na madaktari. Wengine huvuka mpaka kwenda Kongo. Huko hesabu ni ile ile ya A2 na A1, na taasisi za ufundi wa uganga, ISTM, kama ile ya Bukavu, zinajulikana. Kiswahili hakimpi mtu tabu kule nje ya darasa. Lakini cheti cha nje ni lazima kipitishwe kwanza kwa kamati ya serikali inayolinganisha vyeti, na barabara ya Gatumba mmeiona wenyewe: ziwa likipanda maji hujaa mpaka majumbani, na mambo ya usalama yakichafuka mpaka hufungwa. Mwanafunzi kijana anaweza kukwama upande wa pili majuma mawili. Mama mwenye watoto hawezi.

Tulipozungumza na wauguzi wa zamani hawakutaja ada kwanza. Walitaja staji. Uuguzi haujifunzwi kwa daftari peke yake. Unajifunzwa wodini, kwa mikono, mbele ya mtu anayekusahihisha. Mmoja wao alituambia: "Msiulize shule ina madarasa mangapi. Ulizeni wanafunzi wake wanafanyia staji hospitali gani, na ni wangapi kwa kitanda kimoja." Tulikwenda kuangalia asubuhi moja. Kweli tulikuta kundi kubwa la vijana wamezunguka kitanda, wale wa nyuma wakiandika bila kuona hata mkono wa anayedunga sindano. Mgonjwa mwenyewe alikuwa amefumba macho. Wodi ya pili wanafunzi walikuwa wachache, na kila mmoja alipima joto na mapigo ya moyo ya mgonjwa wake, akasahihishwa pale pale. Tofauti hiyo haimo katika karatasi za bahasha.

Staji ndiyo inayogongana na zamu zetu. Masomo ya jioni yanaweza kukubaliana na zamu ya asubuhi. Lakini wodi haifunguliwi jioni kwa ajili ya mfanyakazi. Chuo kinachosema kila kitu ni jioni, ulizeni staji wanaiweka wapi. Mwenzetu aliuliza, na chuo cha bahasha ya kwanza kikamjibu kwamba "itapangwa". Jibu hilo halikumpendeza, wala sisi.

Kuna jambo la Kenya ambalo linafaa kujulikana hapa. Miaka ya 2000 nchi ile ilikuwa na wauguzi 22,000 wa ngazi ya cheti, wengi watu wazima wenye familia, waliotakiwa kupandishwa hadi ngazi ya diploma. Kama wangepelekwa wote kwenye vyuo vya bweni kwa nafasi zilizokuwapo, kazi ingechukua zaidi ya miaka 100, na hospitali zingebaki tupu. Mwaka 2005 shirika la AMREF na Baraza la Wauguzi la Kenya wakaanza kuwafundisha kwa kompyuta, mtu akiwa bado kazini kwake na mshahara wake. Masomo yalimfuata mfanyakazi. Hao walikuwa wauguzi tayari, si wafungashaji wa kiwandani, hilo tunalijua. Hata hivyo tunauliza waajiri na wizara hapa: je, ni lazima kila mara mfanyakazi aachishwe kazi ndipo asome?

Wala wagonjwa hawapungui. Tarehe 1 Mei 2006, siku yetu wenyewe ya wafanyakazi, ilitangazwa kwamba watoto walio chini ya miaka 5 watatibiwa bure na kinamama watajifungua bure. Kila nyumba ya mfanyakazi ilifurahi. Lakini wodi zilijaa mara moja, na wauguzi walikuwa wale wale. Tusimfiche msomaji: wauguzi nao wana vyama vyao na wamegoma zaidi ya mara moja kwa ajili ya mishahara. Anayetafuta utajiri asitafute huku.

Mwenzetu alikuwa na hofu moja ambayo hatukuitegemea: Kifaransa. Kiwandani mambo yote ni Kirundi na Kiswahili, na Kifaransa chake kimelala tangu shuleni. Muuguzi mzee mmoja alicheka kidogo akamwambia kwamba Kifaransa cha wodini ni maneno mia mbili, yatarudi. Kisichofundishika upesi ni kujua kuzungumza na mzee wa Kinama aliyekataa dawa, na hicho yeye anacho, kijana wa miaka 20 hana.

Mwisho aliziweka bahasha mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa rahisi kwa ada, jioni tupu, staji "itapangwa". Ya pili ilikuwa ghali zaidi, na staji ya asubuhi katika hospitali iliyoandikwa jina, na ruhusa ya serikali ambayo tuliiomba tukaonyeshwa, tarehe na sahihi. Alichagua ya pili. Akiba yake inatosha mwaka wa kwanza na nusu ya wa pili tu. Dada yake wa Cibitoke ameahidi kumchukua mtoto mdogo.

Hakuacha kazi. Tulimsaidia kuandika barua kwa mwajiri, akiomba kuwekwa zamu ya usiku kwa muda wote wa masomo, na kama haiwezekani, likizo bila malipo kwa miezi ya staji. Tunawasihi wenzetu mfanye hivyo hivyo: kwa maandishi, na nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mlangoni na msimamizi hayashiki. Nakala ya barua yake tunayo ofisini. Jibu halijafika bado, na masomo yanaanza baada ya majuma sita. Usiku, akitoka zamu, binti yake wa pili humsomesha majina ya mifupa.