Chakula cha Kichina: cha nyumbani na cha hotelini

Wako wanaosema kwamba chakula cha Kichina hujenga afya. Wengine, hasa wenye ndugu walioko Marekani au Uingereza, huambiwa kwamba kimejaa mafuta na sukari. Je, nani anasema kweli? Wote wawili, maana hawazungumzii chakula kimoja.

Kwa desturi ya Wachina, mlo una sehemu mbili. Ya kwanza huitwa "fan", yaani nafaka: wali upande wa kusini, na tambi au mikate ya ngano iliyopikwa kwa mvuke upande wa kaskazini. Ya pili ni "cai", yaani kitoweo: mboga za majani, vyakula vya soya, na nyama au samaki kidogo. Ni kama ugali na mboga kwetu. Nyama hukatwa vipande vidogo ili iive upesi, kuni zisiishe, na kila mtu apate.

Kuanzia mwaka 1849, watu wengi wa mkoa wa Guangdong walivuka bahari kwenda California kutafuta dhahabu. Huko walibaguliwa, na sheria ya mwaka 1882 ikawazuia vibarua wa Kichina kuingia Marekani. Waliokuwapo walitafuta riziki kwa kufua nguo na kufungua hoteli. Wateja wao walipenda nyama nyingi isiyo na mifupa pamoja na vitu vitamu, nao wapishi wakapika kinachonunuliwa.

Mfano mzuri ni kuku wa Jenerali Tso. Mpishi Peng Chang-kuei, mzaliwa wa Hunan, alimbuni huko Taiwan katika miaka ya 1950, na hakuwa mtamu. Chakula hicho kilipofika New York katika miaka ya 1970 kiliongezwa sukari. Leo Wamarekani wengi wanakijua hivi: vipande vya kuku vilivyochovywa katika unga, vikakaangwa katika mafuta mengi na kumwagiwa rojo tamu. Kitoweo kimekuwa ndicho chakula chenyewe, na mboga zimebaki pambo.

Anayekula hivyo mara kwa mara hujiletea unene, na unene hufungua mlango wa kisukari na shinikizo la damu.

Hata hivyo, tusidhani kwamba chakula cha nyumbani hakina kasoro. Kijiko kimoja cha mezani cha sosi ya soya kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, na kiharusi ni ugonjwa unaoua Wachina wengi.

Basi, ukialikwa katika hoteli ya Kichina, iwe Dar es Salaam, Nairobi au ng'ambo, kumbuka haya:

1. Agiza mboga na samaki wa mvuke kabla ya nyama ya kukaanga.
2. Omba rojo iletwe kando, uonje kidogo.
3. Usiongeze sosi ya soya mezani.
4. Kunywa chai bila sukari badala ya soda.

Nyumbani nako, tusiuache mlo wetu wa nafaka, maharage na mchicha kwa kudhani ni chakula cha maskini. Tukipunguza mafuta na chumvi, mlo huo ni kinga.