Kutoa rangi ya zamani kwenye milango na madirisha: usiichome, usiikwangue ikiwa kavu

Kiangazi ndicho msimu wa kukarabati nyumba mkoani kwetu Tabora. Mavuno yameuzwa, mvua haipo, fundi anapatikana. Mlango wenye rangi juu ya rangi hulazwa uani, fundi akapiga msasa au akachoma rangi kwa moto wa gesi, watoto wakicheza pembeni. Mbao zilizooza hupelekwa jikoni kuwa kuni. Kazi hiyo inaweza kuwaumiza watu wa nyumba bila wao kujua, na hapa tunaeleza namna ya kuifanya kwa usalama.

Kuna nini ndani ya rangi hiyo?

Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi ili zikauke haraka na zidumu juani. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978. Kwetu zilidumu zaidi: shirika la AGENDA la Dar es Salaam limepima zaidi ya mara moja rangi za mafuta zilizokuwa zikiuzwa Tanzania na kukuta baadhi zina risasi nyingi. Kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 tu za risasi katika sehemu milioni moja za rangi.

Tabora ni mji wa zamani, kituo kikubwa cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na reli ilifika hapa mwaka 1912. Majengo yake mengi yamepakwa rangi tena na tena. Mlango uliotoka kwenye nyumba iliyobomolewa mjini unaweza kuuzwa ukaishia Sikonge au Urambo na rangi yake yote. Kwa macho huwezi kujua kama ina risasi, kwa hiyo ichukulie kwamba inayo.

Inadhuru vipi?

Risasi huingia mwilini kwa kuvuta vumbi au moshi, na kwa kumeza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyomeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, na huharibu ubongo unaokua: mtoto huchelewa kujifunza. Kwa mjamzito hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni. Mara nyingi hakuna dalili. Zikiwapo, ni maumivu ya tumbo, kukosa choo, kichwa kuuma na upungufu wa damu, mambo ambayo ni rahisi kuyadhania minyoo au malaria.

Je, ni lazima kuitoa?

Si lazima kila mara. Kama rangi imeshika vizuri, ioshe kwa maji na sabuni, iache ikauke, kisha paka mpya juu yake. Hiyo ndiyo njia salama kuliko zote. Itoe pale tu inapobanduka au mlango unapogoma kufunga.

Ukitumia mashine ya hewa ya moto

Mashine hii inafanana na ile ya kukaushia nywele saluni, ila ni kali zaidi. Hulainisha rangi ikavimba malengelenge, kisha unaikwangua. Ina hatari zake.

- Hutumia umeme wa wati 1,500 hadi 2,000. Sola ndogo ya taa haiwezi kuiendesha, na waya mwembamba wa kuunganishia unaweza kuungua.
- Anza na joto la chini. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, na joto likizidi sana hutoa mvuke. Sheria za Marekani haziruhusu kuzidi nyuzi 590 hivi kwenye rangi ya risasi. Moto wa gesi hupita hapo kwa mbali, kwa hiyo usiutumie kabisa.
- Shika mashine sentimita 5 hadi 8 kutoka kwenye ubao na uisogeze muda wote. Ukiona moshi, joto limezidi.
- Fanyia kazi nje, mbali na paa la nyasi. Weka ndoo ya maji karibu. Ukimaliza, uangalie mlango kwa saa nzima, maana moto unaweza kujificha kwenye nyufa.

Kama huna mashine, lowesha rangi kwa maji na ukwangue au upige msasa ikiwa mbichi, ukiongeza maji kila inapokauka. Kazi ni ya polepole lakini haitimui vumbi.

Kabla na baada ya kazi

Watoto, wajawazito na kuku wakae mbali. Tandika turubai chini. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Tafuta yenye vichujio vya vumbi laini na mvuke wa madini. Usile wala kuvuta sigara ukiwa kazini. Usifagie pakiwa pakavu, pangusa kwa kitambaa chenye maji. Oga, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Mabaki yafungwe kwenye mfuko imara, na umuulize afisa afya wa kata pa kuyapeleka. Yasitupwe shambani wala karibu na kisima. Ubao wenye rangi usiwe kuni, hata kipande kimoja: moshi wake utavutwa na mama na watoto jikoni, na majivu yake hubaki na risasi.

Kama mlango umechongwa nakshi

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu milango ya mbao iliyochongwa Afrika kabla ya mwaka 1940 kuwa vitu vinavyolindwa. Kabla ya kuugusa mlango wa namna hiyo, waulize wahusika wa mambo ya kale. Nakshi ikiungua hairudi.

Na kama mtoto wako amekuwa karibu na kazi hii na unamwona hayuko sawa, mpeleke kituo cha afya na useme wazi: "Tulikuwa tunatoa rangi ya zamani nyumbani." Bila kuambiwa, mhudumu anaweza asiifikirie risasi.