SSD ya bei nafuu: hofu imekosea mlango

Desemba 2025, kampuni ya Micron ilitangaza kuwa itaacha biashara ya Crucial, chapa yake ya RAM na SSD kwa wateja wa kawaida, ielekeze nguvu kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Bei ikibana, macho huenda kwa SSD za QLC, ambazo kila seli hubeba biti 4 badala ya 3 za TLC. Wengi huziogopa wakidhani zitakufa mapema. Hesabu inakataa. Samsung 870 QVO ya terabaiti 1 ina dhamana ya miaka 3 au kuandikwa terabaiti 360. Anayeandika gigabaiti 20 kila siku, kiasi kikubwa kwa mwanafunzi au mhasibu, angehitaji miaka 49 kuzifikia.

Udhaifu wa SSD hii uko kwingine. Gigabaiti 42 za mwanzo huandikwa kwenye akiba ya muda (cache) kwa kasi inayofikia megabaiti 530 kwa sekunde. Akiba hiyo ikijaa, kasi huporomoka hadi 80. Mpiga video za harusi anayemwaga mafaili makubwa kila wikendi ataumia, na kwake ningesisitiza aongeze hela achukue TLC. Wapo watakaosema afadhali SSD ya NVMe, yenye kasi mara kadhaa ya hii ya SATA. Kwenye laptopu yenye nafasi ya SATA pekee haitafanya kazi. Na hata penye nafasi yake, kuwasha mashine na kufungua kivinjari ni kusoma vipande vidogo vidogo, ambako tofauti kati ya SSD mbili haionekani sana kwa macho.