Kuandika riwaya mtoto akiwa mgongoni si mchezo

Sentensi niliyoipenda zaidi mwaka huu niliipoteza nikibadilisha nepi. Ilinijia saa tatu usiku, ikiwa kamili, na koma zake zote. Mkono mmoja ulikuwa umeshika miguu ya mtoto, mwingine unasaka mafuta ya kumpaka. Nikajiambia, nikimaliza tu naiandika. Nilipomaliza, kifungua mimba wangu wa miaka minne akataka maji. Kisha akataka maji yale yale katika kikombe cha samawati. Sentensi ikaenda zake. Ninachokumbuka hadi leo ni kwamba ilikuwa na mvua.

Tunaishi Umoja hapa Nairobi, ghorofa ya tatu, na ni mwaka wa tatu sasa naandika riwaya moja. Kinacholeta unga ni kuhariri miswada ya watu wengine. Nikitaja riwaya, watu huniuliza swali moja: "Na muda unapata wapi?" Baba watoto naye huchora katuni usiku kucha na hajawahi kuulizwa hivyo hata siku moja. Wacha hilo nililaze hapo kwanza.

Muda wenyewe nimeutafuta kila mahali. Nilisoma kwamba Toni Morrison, yule Mmarekani, alikuwa mhariri na analea wavulana wawili peke yake, na alikuwa akiamka kabla ya mapambazuko kuandika kabla watoto hawajamwita. Riwaya yake ya kwanza, The Bluest Eye, ilitoka 1970. Basi nikatega kengele ya simu, saa kumi alfajiri. Kumbe kitinda mimba wangu ana pua ya kunusa kitanda kisicho na mama. Siku tatu mfululizo aliamka dakika kumi baada yangu. Siku ya nne hakuamka, lakini mimi nilisinzia kidole kikiwa kwenye kibodi, nikazinduka na kurasa mbili za herufi j.

Kinachonifaa ni vipande. Siku hizi siandiki sura, naandika tukio moja: mtu anaingia mlangoni, anasema uongo, anatoka. Nikiwa nafua, najirekodi kwa simu, na majirani washazoea kunisikia nikigombana na watu ambao hawapo. Kwenye matatu naandika mazungumzo, maana hapo mazungumzo yamejaa. Na nimejifunza kutomaliza tukio. Naacha katikati, na chini yake naandika kinachofuata kwa maneno manne, mfano "shangazi anapata barua, anaificha." Kesho nikipata dakika ishirini, sizipotezi kwa kujiuliza nilikuwa wapi.

Jambo lililonisaidia kuliko yote, lakini, halihusu uandishi. Ni jirani yangu wa ghorofa ya pili. Yaya wa kila siku siwezi kumlipa kwa kazi ambayo bado haijaniletea hata shilingi, kwa hivyo Jumamosi asubuhi watoto wake huja kwangu, na kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja wangu wako kwake. Yeye husuka nywele za wateja, mimi huandika. Saa tatu! Ukiwa huna mtoto huwezi kujua saa tatu ni utajiri wa aina gani. Ukiwa umeajiriwa, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo, baba wiki mbili. Sisi wa kujitegemea hujipa likizo wenyewe, na hujilipa hewa.

Wengi wetu tulisoma The River and the Source tukiwa sekondari, tukakariri wahusika kwa ajili ya mtihani. Nilikuwa mama tayari nilipozingatia kwamba Margaret Ogola, ambaye kitabu hicho chake kilitoka 1994, alikuwa daktari wa watoto na mama. Shuleni hakuna aliyetuambia tujiulize alikiandika saa ngapi. Buchi Emecheta wa Nigeria naye alikuwa London na watoto wadogo wakati mumewe alipouchoma mswada wake wa kwanza. Alimwacha, akalea watoto watano, akaandika tena. Kitabu chake cha Second-Class Citizen, cha 1974, amewatunukia hao watano, na anazishukuru kelele zao.

Mume wangu hajachoma kitu. Ila mwanzoni alikuwa akisema, "Leo nitakusaidia watoto," kana kwamba nilikuja nao kutoka kwetu. Tulikosana juu ya hilo neno "kukusaidia" kwa muda mrefu kuliko tulivyowahi kukosana juu ya pesa. Sasa Jumanne na Alhamisi usiku ni zake: kuogesha, kulisha, kulaza. Mlango nimefunga. Akiniita niseme soksi ziko wapi, sijibu.

Sasa nije kwa jambo ambalo bado linanisumbua. Aprili nilikuwa na hadithi fupi ya shindano, mwisho wa kuwasilisha ni saa sita usiku, na ilikuwa imebaki hatima tu. Jioni hiyo mdogo akashikwa na homa. Saa nne usiku tulikuwa kwenye foleni ya hospitali, yeye kifuani pangu akichemka kama sufuria. Nikatoa simu. Nikaandika aya mbili, si za ile hadithi, bali kuhusu mtoto mgonjwa: anavyopumua, jasho la shingoni, kidole chake kimoja kimeshikilia blauzi. Mama aliyekaa kando yangu alitazama simu, akanitazama mimi, hakusema kitu.

Shindano likapita. Mtoto akapona, siku tatu baadaye alikuwa anararua magazeti. Zile aya zingali kwenye simu, na mume wangu anasema sijawahi kuandika kitu kizuri kama hicho. Mimi sijui kama ni haki yangu kuzitumia. Ni homa yake. Ni mwili wake, na bado hana maneno ya kunikataza.

Juzi nilimuuliza mkubwa, ambaye angalau maneno anayo. Alikuwa anachora kiboko nyuma ya karatasi za sura ya tano.

"Mama, hiyo hadithi yako, mimi nimo?"

"Kidogo," nikamwambia. "Ungependa niwatoe, wewe na mdogo wako?"

Akafikiri, kalamu mdomoni. "Hapana. Lakini mimi uniandike nikiwa na baiskeli."

Niko sura ya saba. Hadithi yenyewe ni ya 1963, na hakuna hata mtu mmoja ndani yake mwenye pesa za baiskeli.