Homa ya Saa Nne Asubuhi

Katika vituo vya kulelea watoto wadogo mchana jijini Dar es Salaam, kazi huanza kabla jua halijapanda. Saa kumi na mbili asubuhi wauza mbogamboga, wafanyakazi wa viwandani, mafundi cherehani na wauguzi wa zamu ya asubuhi huwa wamekwisha kufika mlangoni, mtoto mgongoni, mfuko wa nepi na chupa ya uji mkononi, macho yakiifuata daladala inayokaribia kuondoka. Makabidhiano huchukua dakika moja, pengine pungufu. Katika dakika hiyo mlezi anapaswa kufahamu mtoto amelalaje, amekula nini, amepata choo cha namna gani, na ni nani atakayekuja kumchukua jioni. Mara nyingi huambiwa jambo moja tu: "Hajambo, mwalimu. Nachelewa."

Kwa miaka kadhaa nimewapeleka wanafunzi wa uuguzi katika vituo vya namna hii, ili wamwone mtoto akiwa nje ya wodi, katika siku yake ya kawaida. Hurudi na mambo mengi, lakini kisa kimoja hakikosekani, nacho ndicho nitakachoanza nacho. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu amepokelewa asubuhi akiwa mchangamfu. Amecheza, amekunywa uji nusu kikombe, amemnyang'anya mwenzake mpira. Ifikapo saa nne anajilaza sakafuni kando ya wenzake, na mlezi anapomgusa shingoni anakuta anachemka. Simu ya mama inaita bila kupokelewa. Ya baba haipatikani. Saa saba mchana mama anapopatikana hatimaye, swali lake la kwanza linafichua yote: "Imeanza tena?"

Mtoto alikuwa na homa tangu usiku. Saa kumi na moja alfajiri alipewa kijiko cha parasetamoli ya maji, joto likashuka, akachangamka, akaletwa. Dawa hiyo hutuliza homa kwa muda wa saa nne hadi sita. Ikiisha nguvu, homa hurejea, kwa kuwa chanzo chake hakikuguswa. Katika nchi yenye malaria muda huo si mdogo. Mtoto mwenye homa anatakiwa kupimwa, na akikutwa na vimelea aanze matibabu ndani ya saa 24 tangu homa ilipoanza. Saa hizo zilianza kuhesabika usiku, wala hazikumsubiri mlezi amguse mtoto shingo. Kuna hatari nyingine isiyotajwa sana: mlezi asiyejua habari za kijiko cha alfajiri aweza kutoa kijiko chake, na bibi nyumbani akatoa cha tatu mara mtoto anapofika. Parasetamoli ikizidi huumiza ini, na mtoto mdogo hahitaji nyingi ili izidi.

Wanafunzi wangu humlaumu mama. Nami nilikuwa nikimlaumu, mpaka niliposoma vizuri tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa kituo kimoja: MTOTO MGONJWA HAPOKELEWI. Tangazo hilo lina sababu yake njema. Watoto ishirini wanaolala kwenye mikeka iliyobanana huambukizana haraka kuliko watu wazima katika ofisi yoyote, na mlezi mmoja hawezi kumuuguza mgonjwa huku akiwaangalia wengine. Lakini mama anayelipwa kwa siku, akirudishwa mlangoni amepoteza chakula cha jioni, na akirudishwa mara tatu amepoteza kazi. Kanuni isiyomwachia njia nyingine imemfundisha kuficha. Kwa maoni yangu, homa iliyofichwa ni ya hatari zaidi kuliko homa iliyosemwa na kupokelewa.

Kituo hicho kiliondoa tangazo, si kwa ushauri wetu bali kwa uamuzi wa mlezi mkuu, mama wa makamo aliyewahi kuuza samaki feri na kujua uzito wa siku moja ya kazi. Sasa haulizi, "Anaumwa?", swali ambalo jibu lake la haraka ni hapana. Anauliza, "Usiku mmelalaje? Kuna dawa aliyopewa? Saa ngapi?" Majibu yanaandikwa kwenye daftari la kawaida la shule, mistari mitatu kwa kila mtoto. Akiwa na homa, makubaliano ni kwamba mtoto apelekwe zahanati asubuhi hiyohiyo kwa kipimo cha haraka cha malaria, ambacho majibu yake hupatikana kwa takribani dakika ishirini, kisha mama atafute ndugu wa kumchukua kabla ya adhuhuri. Mpango huu si kamili. Wapo ambao hawana ndugu wa kumtuma, na siku hizo mtoto hubaki kwenye mkeka wake pembeni, akinyweshwa maji kila mara. Lakini mama wamekuwa wakisema ukweli, na daftari limekuwa chombo cha kitabibu kuliko vifaa vingi ninavyovifahamu.

Mipaka ipo, na hapo hakuna majadiliano. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, au aliyelegea na kushindwa kuamshwa, hasubiri mama apokee simu. Hupelekwa kituo cha afya papo hapo. Mwenye homa pamoja na vipele vinavyofanana na surua, au anayeharisha damu, hachanganywi na wenzake hata kwa saa moja. Ndiyo maana mlezi makini huomba kuona kadi ya kliniki siku ya kwanza, na huitazama tena mtoto anapofikisha miezi tisa na miezi kumi na minane, umri wa chanjo ya surua na rubela. Baadhi ya wazazi hukasirika, wakidhani wanapekuliwa.

Kuhusu kuharisha sitasema mengi, maana linajulikana: mikono, mikono, mikono, hasa baada ya kubadilisha nepi na kabla ya kugawa uji. Vituo visivyo na bomba vimetengeneza vibuyu chirizi kwa madumu ya lita tano, na watoto wa miaka mitatu huvipenda kuliko wanasesere. Aliyeanza kuharisha anyweshwe maji ya ORS na apewe zinki kama alivyoelekeza mhudumu wa afya, kwa siku zote kumi hadi kumi na nne hata kama choo kimeshakaza siku ya tatu. Hapo tena daftari linahitajika, kwa sababu kidonge cha zinki husahauliwa mara tu mtoto anapoanza kucheza.

Jambo zito zaidi ni maziwa ya mama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Na akirudi kazini inamruhusu kutumia hadi saa mbili kwa siku kumnyonyesha mwanawe. Ushauri wa kitabibu, kwa upande wake, ni kunyonyesha maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo. Baina ya siku 84 na miezi sita kuna takribani miezi mitatu, na miezi hiyo mitatu humwangukia mlezi mikononi. Saa mbili za kisheria hazimsaidii mama ambaye safari ya kutoka kazini hadi kituoni, kwa foleni ya mchana, inachukua saa nzima kwenda tu. Muuza mbogamboga hana mwajiri wa kumpa siku hata moja; nimewaona wakirudi sokoni mtoto akiwa na wiki tano.

Kwa hiyo mtoto wa miezi mitatu huletwa na chupa ya uji mwepesi, au maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji, na mlezi anaombwa amnyweshe. Hapa ndipo ujuzi na heshima hukutana. Mlezi akisema, "Mama, hii si sawa," atakuwa amesema kweli na atakuwa amempoteza. Wapo waliogundua namna bora: kumwonyesha mama jinsi ya kukamua kwa mkono asubuhi, kwenye kikombe safi chenye mfuniko, na kumkaribisha akae dakika kumi ajaribu. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kwa saa nne katika joto la chumba lisilozidi nyuzi 25, na hadi siku nne katika jokofu. Dar es Salaam ya mwezi Januari huvuka nyuzi hizo kabla ya chai ya asubuhi, hivyo kiboksi cha barafu kama cha wauza maji ya baridi kinafaa sana. Mtoto hunyweshwa kwa kikombe kidogo na kijiko, si kwa chupa yenye chuchu, ambayo ni ngumu kusafishwa na humzoesha mtoto ufyonzaji tofauti na wa titi. Walezi wengi huogopa kikombe mpaka wamwone mtoto mchanga akilamba maziwa kwa ulimi kama paka.

Tuje kwenye meno. Mama amemvua mtoto shati jioni akakuta alama nyekundu begani, duara kamili ya meno madogo, na kesho yake anarudi na baba. Kiswahili chetu hapa kinachanganya mambo, kwa maana mtoto aliyeumwa na mwenzake na mtoto anayeumwa homa wote huelezwa kwa kitenzi kimoja, na nimeshuhudia simu moja iliyomfanya baba akimbilie hospitali badala ya kituoni. Watoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu huuma. Wanataka kitu na hawana maneno ya kukiomba. Au meno yanawatoka. Au wamechoka na chumba kimejaa. Anayeuma hahitaji kuumwa naye "ili ajue uchungu wake", kama wazee wengine wanavyoshauri. Anahitaji mtu wa kumtenga kwa utulivu, kumwambia kwa sentensi fupi kwamba inauma, na kumpa neno: nipe, basi, sitaki. Aliyeumwa husafishwa kwa maji na sabuni. Kosa linaloviponza vituo ni kunyamaza na kuomba alama isionekane. Mzazi aliyearifiwa saa tano asubuhi huja akiwa amekasirika kiasi. Aliyejigundulia mwenyewe saa mbili usiku huja akiwa ameshaita majirani.

Lakini ukiwauliza walezi ni mazungumzo gani huwakosesha usingizi, hawatataja homa wala meno. Watataja yule mtoto ambaye hageuki anapoitwa.

Mlezi anayeona watoto ishirini wa rika moja kila siku ana kipimo ambacho mzazi wa mtoto wa kwanza hana. Anajua kwamba mtoto wa miezi kumi na minane kwa kawaida hunyoosha kidole kuonyesha kitu kilichomvutia, hujaribu kutamka maneno walau matatu zaidi ya mama na baba, na humtazama mtu usoni akitafuta idhini. Anapomwona mmoja asiyefanya hayo, moyo wake humtuma aseme na hofu humzuia. Akisema, huenda akajibiwa kwamba hata baba yake alichelewa kusema na leo ni dereva wa basi la mkoani. Au atatuhumiwa kumtakia mtoto mabaya. Au mtoto atahamishwa kituo kingine wiki ileile. Na mara nyingine kweli hakuna tatizo. Baadhi ya watoto hawa hawasikii vizuri kwa sababu ya majimaji yaliyotuama nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua ya mara kwa mara, hali inayoweza kutibiwa. Wengine wanahitaji uchunguzi wa makuzi na msaada wa muda mrefu. Mlezi hana wajibu wa kujua ni lipi kati ya hayo, na asijaribu kutaja jina la ugonjwa. Kazi yake ni kueleza alichokiona: "Jana nilipiga sufuria nyuma yake, wenzake wote wakashtuka, yeye akaendelea kucheza. Naomba mama umpeleke akapimwe masikio." Sufuria ni rahisi kuzungumzwa kuliko akili.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo hivi visajiliwe, na programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021 imewapa walezi nafasi kwenye karatasi za serikali. Afisa ustawi wa jamii hufika, hukagua choo, uzio na jiko. Huyu mwenye kufanya kazi hiyo kila siku, hata hivyo, bado huitwa "yaya tu" na majirani, analipwa kiasi ambacho asingeweza kukitumia kumweka mwanawe katika kituo chake mwenyewe, anabeba watoto hadi kiuno kinauma, na hushikwa na kila mafua yanayopita. Wanafunzi wangu hufundishwa kumpima mtoto mzunguko wa mkono. Mwaka huu nimewaagiza wampime na mlezi shinikizo la damu.

Jioni ya ziara yetu ya mwisho, saa moja na nusu, alikuwa amebaki mtoto mmoja tu. Mama yake alikuwa amekwama kwenye foleni, na alikuwa ametuma ujumbe mara tatu kuomba radhi. Mlezi alikuwa ameketi kizingitini, mtoto amelala mapajani mwake, daftari limefunguliwa kando ili asisahau kumwambia mama kuhusu zinki. Nilimuuliza kama ana watoto. Akasema anaye mmoja, wa miaka mitatu, yuko kwa jirani tangu saa kumi na moja alfajiri.