Bibi Etel Adnan na Mlima Wake

Wasomaji wetu, katika wachoraji wa mandhari wa zama zetu alikuwako bibi mmoja ambaye khabari zake zafaa kusomwa majumbani, khasa na wazee wenye watoto chuoni.

Bibi Etel Adnan alizaliwa Beirut mwaka 1925. Baba yake alikuwa Mwislamu wa Damascus, ofisa katika jeshi la Dola ya Uthmaniya. Mama yake Mgiriki Mkristo wa Smyrna. Nyumbani wakisema Kituruki na Kigiriki, na skuli ilikuwa ya Kifaransa, ambako Kiarabu kilikatazwa. Baba akamketisha na kitabu cha sarufi, anakili maneno ya Kiarabu ukurasa baada ya ukurasa. Binti akanakili asijue maana. Wako leo waichekao kazi kama hiyo, nawangoje kidogo.

Mwaka 1955 alikwenda Marekani, na tangu 1958 akasomesha falsafa California. Vita vya Algeria vilipopamba moto, alikataa kuendelea kuandika kwa Kifaransa, lugha ya dola iliyokuwa ikiwapiga Waalgeria. Kiarabu cha kutungia hakuwa nacho. Mwalimu mwenziwe, msomeshaji wa uchoraji, akamwuliza yawaje afundishe falsafa ya sanaa na mwenyewe hachori. Basi akashika rangi, akasema atachora kwa Kiarabu.

Nyumba yake ya Sausalito iliuelekea mlima Tamalpais, wenye kimo cha karibu mita 780. Aliuchora miaka na miaka: mara wa kijani, mara wa zambarau, mara wa waridi. Picha nyingi ni ndogo, za kuchukulika kwapani. Huilaza mezani kama aandikaye barua, akaikamulia rangi, akaitandaza kwa kisu bapa, na aghlabu akaimaliza kwa mkao mmoja. Humo hamna mti wala nyumba. Ni mapande ya rangi tu, na pengine mraba mwekundu mahali pa jua. Asiyezoea atasema hata mtoto angeweza. Na atazame pale rangi mbili zinapokutana, auone ukingo wa mlima ulivyosimama imara. Mchoraji aliyempenda sana ni Paul Klee wa Uswisi, ambaye naye rangi zilimshika alipozuru Tunisia mwaka 1914.

Miaka ya 1960 alianza kutumia vitabu vya Kijapani vikunjwavyo kama kodiani, ambavyo vikifunguliwa hufika mita kadhaa. Humo alinakili kwa mkono wake mashairi ya Waarabu, kama ya Badr Shakir al-Sayyab wa Iraq, akayazungushia rangi za maji. Mengine hakuyafahamu yote. Khati yake si ya fundi, ni ya mtoto wa chuoni: ni mkono ule ule aliouzoeza baba yake.

Sifa zilimjia akiwa mzee. Picha zake zilipoonyeshwa Kassel, Ujerumani, mwaka 2012, alikuwa na umri wa miaka 87. Alifariki Paris Novemba 2021, wakati jumba la Guggenheim la New York likionyesha kazi zake. Huko Paris, mbali na California, alikuwa akiuchora mlima wa Tamalpais kwa kumbukumbu.