Hisa za Mama Mmoja, Skrini Mbili

Sanduku la VICOBA lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu. Fedha haziingii wala kutoka mpaka wote wawepo na daftari liwe wazi mbele ya wanachama. Tuseme kikundi kimoja cha Maji ya Chai, kando ya barabara ya Arusha–Moshi, kimemwagiza kijana akitengenezee programu ya simu, inayofunguka kwenye kivinjari, ya kwenda sambamba na daftari hilo. Siku ya kikao mama mmoja ananunua hisa tano. Katibu anabonyeza kitufe, jumla ya kikundi juu ya skrini inapanda. Anafungua ukurasa wa mikopo: mama yuleyule bado ana hisa za wiki iliyopita, na kwa kuwa mkopo hauruhusiwi kuzidi mara tatu ya hisa, ombi lake linakataliwa. Sanduku likihesabiwa, fedha ziko sawasawa. Kilichosema uongo ni skrini.

Yote ambayo programu inayakumbuka kwa wakati fulani, yaani nani ana hisa ngapi, nani anadaiwa, ukurasa upi uko wazi, ndiyo hali yake. Hapa hali imeandikwa mara mbili. Kila ukurasa ulijiwekea nakala yake, na nakala moja ikasahauliwa.

Wakubwa nao yamewakuta. Kuna wakati watumiaji wa Facebook waliona alama nyekundu ikidai wana ujumbe mpya, wakifungua hawakuti kitu. Wahandisi walirekebisha, kasoro ikarudi. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilieleza hadharani utaratibu wa Flux: taarifa ziende upande mmoja tu, na mabadiliko yote yapitie mlango mmoja. Mwaka uliofuata Dan Abramov na Andrew Clark walitoa Redux, maktaba ndogo (msimbo wa tayari wa kutumiwa na wengine) ya lugha ya JavaScript iliyofuata wazo hilo. Ilienea mpaka kwenye programu zisizoihitaji, ambako kuongeza namba moja kulidai kugusa mafaili matatu. Mwaka 2016 Abramov mwenyewe aliandika makala kuwaambia watu kwamba huenda hawaihitaji.

Kwa kikundi chetu ningechukua Zustand, maktaba nyingine ya aina hiyo iliyotoka mwaka 2019. Ikibanwa ina uzito wa takriban kilobaiti moja, jambo la maana kwa katibu anayenunua bando la siku, ingawa React, maktaba ya kuchora kurasa inayotumika pamoja nayo, ni nzito mara nyingi zaidi. Ndani yake hakuna uchawi: kuna kumbukumbu moja, njia moja ya kuibadilisha, na orodha ya wanaotaka kuarifiwa ikibadilika. Ukurasa wa mikopo unaomba hisa za mwanachama tu. Faini zikibadilika, hauchorwi upya. Kwenye simu ya bei nafuu utaona tofauti.

Sasa mtego unaowanasa wengi. Maktaba hii haikagui kila namba iliyo ndani ya orodha. Inauliza tu: orodha niliyonayo ni ileile ya mwanzo, au nimeletewa nyingine? Kijana akichomeka hisa mpya ndani ya orodha ya zamani, jibu ni kwamba orodha ni ileile, basi ukurasa hauchorwi upya na skrini inabaki kimya. Namba ipo kwenye kumbukumbu, lakini haionekani mpaka kitu kingine kilazimishe ukurasa kuchorwa. Dawa yake ni kutengeneza orodha mpya yenye hisa za zamani pamoja na ile mpya, kisha kukabidhi hiyo. Wanaoanza huona ni ubadhirifu wa kumbukumbu. Kwa wanachama thelathini, simu haitahisi chochote.

Jambo la pili la kuzingatia ni kutohifadhi kinachoweza kukokotolewa. Jumla ya kikundi isiwekwe mahali popote. Ipatikane kwa kujumlisha hisa kila inapohitajika. Kikomo cha mkopo vilevile. Namba isiyohifadhiwa haiwezi kupishana na nyingine, na kwa maoni yangu kanuni hii inaokoa programu nyingi kuliko maktaba yoyote.

Bado kuna kazi ambayo maktaba ndogo haiifanyi. Inaweza kuweka hali kwenye hifadhi ya kivinjari ili ukurasa ukifunguliwa upya hisa zisipotee, lakini hifadhi hiyo ni ya kivinjari kimoja kwenye simu moja. Simu ikiibwa, au mtu akifuta data ya kivinjari, kumbukumbu zimekwenda. Mtunza hazina naye akitaka kuona hesabu kwenye simu yake, inahitajika seva, na hapo maswali ni mengine kabisa. Daftari la karatasi liendelee kuandikwa.

Ninyi mnaotaka kumlipa kijana wa Tengeru au Usa River awatengenezee programu ya namna hii, mwulizeni kwanza hisa za mwanachama zimeandikwa mahali pangapi ndani yake. Akitaja zaidi ya mahali pamoja, msimlipe bado.